Kamshafti mpya, hedi ya zamani: Somo la Naguru kwa wenye magari ya mpakani

NAGURU, Kampala

GARI lilizimika kati ya Iganga na Bugiri, saa nne asubuhi, nikiwa njiani kwenda Busia kuandika habari za soko la mpakani. Nilikuwa nimempa lifti mama mmoja mfanyabiashara, na buti lilijaa mabunda yake ya vitenge. Injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko, ikapungua nguvu, kisha ikanyamaza.

Mama alisimamisha taksi, akahamisha mzigo wake na kulipa nauli ambayo hakuipangia. Kabla ya kupanda alinigeukia. “Mwanangu, ulisema siku hizi gari lako linakimbia,” aliniambia. “Mimi nilitaka lifike.”

Corolla ile ilikuwa imetoka kwenye ovahoo wiki tatu tu kabla. Ringi, beringi na gasketi vilikuwa vipya. Fundi wa kwanza alinishawishi pia niweke kamshafti iliyosagwa upya, yenye nundu ndefu kuliko ya kiwandani, ili injini ivute hewa nyingi zaidi. Nilikubali bila kuuliza swali hata moja. Hedi ilirudishwa ilivyokuwa, na springi zake zilezile za zamani.

Gari lilivutwa kurudi Kampala, likaingizwa gereji nyingine, hapa Naguru, kwenye kilima kilicho juu ya Barabara ya Jinja. Fundi wa hapa alifungua kifuniko cha valvu na kuniita nitazame. Shimu moja, kile kisahani cha chuma kinachokaa juu ya kikombe cha valvu, ilikuwa imerushwa nje na kuvunjika vipande. Nundu iliyokuwa juu yake ilikuwa imelika. Aliniambia kwamba kamshafti haikuwa na kosa, na hedi haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyevipima vyote viwili pamoja.

Nayaandika haya kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi kwa injini. Gari likilala barabarani, nyanya zinaoza na mteja anakwenda kwa mwingine.

Kazi ya nundu

Kamshafti huzunguka, na nundu zake husukuma valvu zifunguke. Nundu ikiwa ndefu, valvu hufunguka zaidi. Hadi hapo, ahadi ya fundi wa kwanza ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba kila kitu ndani ya hedi kilipangwa kiwandani kwa urefu wa nundu ya awali.

Tena, kusaga kamshafti upya hakuongezi chuma. Mwenye mashine hupunguza sehemu ya duara iliyo nyuma ya nundu ili nundu yenyewe iwe ndefu kwa kulinganisha. Matokeo yake nafasi kati ya kamshafti na valvu inaongezeka, na lazima shimu nene zaidi ziwekwe. Springi ikiwa imechoka, kikombe cha valvu hakiwahi kuifuata nundu kwa mwendo wa kasi. Nundu hurudi na kuigonga shimu pembeni, na ndivyo yangu ilivyorushwa.

Vipimo vinne kabla ya kufunga

Kwanza ni springi. Ikibanwa mpaka mizunguko yake igusane, haina pa kwenda tena, na nundu itasukuma chuma kwa chuma. Chukua mfano wa springi yenye urefu wa milimita 35 ikiwa imefungwa mahali pake, na milimita 25 ikiwa imebanwa kabisa. Nafasi iliyopo ni milimita 10. Mafundi makini huacha akiba ya kama milimita 1.5, kwa hiyo kamshafti inayofungua valvu zaidi ya milimita 8.5 haiifai springi hiyo. Kipimo hiki kinahitaji kalipa na dakika chache.

Pili ni kofia ya springi. Valvu ikishuka zaidi, kofia hiyo hukaribia gaidi ya valvu na sili yake ya oili. Ikiigonga sili, gari litaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na mwenye gari ataambiwa ringi zimeisha. Hapa pia akiba ya milimita 1.5 inafaa.

Tatu ni pistoni. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuacha angalau milimita 2 kati ya pistoni na valvu ya kuingiza, na milimita 2.5 kwa valvu ya kutolea moshi, kwa sababu hiyo ya pili hupata joto kali na kurefuka. Namna ya kupima ni rahisi: weka udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo na upime unene uliobaki. Hedi iliyowahi kuchemka ikasawazishwa mashineni imeshapunguza nafasi hiyo. Mtu akinunua hedi ya mtumba Kisekka, aulize imesawazishwa mara ngapi.

Nne ni njia ya hewa. Valvu ikifunguka kufikia robo ya kipenyo chake, uwazi unaoizunguka unalingana na eneo la valvu yenyewe. Kwa valvu ya milimita 30, hiyo ni milimita 7.5. Kuifungua zaidi ya hapo huleta faida inayozidi kupungua, isipokuwa njia za hewa za hedi nazo ziwe na uwezo wa kupitisha zaidi. Ndiyo maana wajenzi wa magari ya mashindano hushughulikia hedi na kamshafti kama kitu kimoja.

Majina yanayofanana

Mtego mwingine uko kwenye majina. Toyota ilitengeneza injini za 4A-FE na 4A-GE, zote zenye ukubwa wa sisi 1,587. Mtu anaweza kudhani spea zake ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kwenye hedi ya 4A-FE valvu zimekaa kwa pembe ya nyuzi 22.3, na kwenye 4A-GE ni nyuzi 50. Kamshafti ya moja haiingii kwenye nyingine. Muuzaji akikuambia “ni 4A tu”, mwombe akuonyeshe herufi za mwisho.

Rali ni rali, mzigo ni mzigo

Uganda inapenda mbio za magari. Shekhar Mehta, mzaliwa wa nchi hii, alishinda Safari Rally mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Pearl of Africa Rally bado inavuta umati kila inapofanyika. Lakini injini ya rali huishi kwenye mizunguko ya juu, na hufunguliwa na kukaguliwa kila mara. Nundu ndefu mara nyingi huhamishia nguvu huko juu na kuipunguza chini, ambako gari la mzigo ndiko linakofanya kazi likipanda mlima na magunia.

Kwa wenye HiAce za dizeli hesabu ni kali zaidi. Injini hizo hubana hewa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo pistoni hupanda karibu kabisa na hedi na nafasi ya valvu ni ndogo mno. Kamshafti ya kiwandani, hedi iliyonyooka na springi nzima ndiyo ovahoo yenye faida.

Spea ikivuka mpaka

Anayenunua spea ng’ambo akumbuke mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Hedi ya Japani iliyopitia Mombasa haimo, hata ikinunuliwa Nairobi. Pia, namba ya injini kwa kawaida hugongwa kwenye bloku. Kubadili hedi hakuigusi, lakini kubadili injini nzima kunahitaji kumbukumbu za gari zirekebishwe kabla hujafika kwa ofisa wa forodha.

La tatu halimo kwenye sheria yoyote: ahadi ya “ikisumbua rudisha” huwa nyepesi sana ukiwa umeshavuka Malaba. Pima kabla ya kulipa, na pima tena kabla ya kufunga.

Fundi wa Naguru aliirudishia Corolla yangu kamshafti ya kiwandani, springi mpya na shimu zilizopimwa moja moja. Haikimbii kama zile wiki tatu. Mwezi uliofuata nilikwenda Busia na kurudi, na nilipomkuta yule mama sokoni aliuliza jambo moja tu: kama nimekuja na gari lilelile. Nilipomjibu ndiyo, alinikabidhi mabunda mawili ya kurudisha Kampala.