Udongo Uliotiwa Nguzo

Mkulima wa udongo mweusi wa mbuga aijua tabia yake: wakati wa masika hufura na kunata jembeni, kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Chanzo ni madini ya jamii ya montimorilonaiti, yaliyopewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Madini hayo ni matabaka yenye unene wa nanomita 1 hivi, yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Matabaka yana chaji hasi, na kati yake hukaa ioni za sodiamu au kalsiamu ambazo huwapisha wageni kwa urahisi. Maji yakiingia, kurasa huachana, yakikauka, hufumba. Kaolini, udongo mweupe wa Pugu, haifuri hivyo, na kwa kazi hii haifai.

Je, kurasa hizo zaweza kuzuiwa zisifumbe? Kloridi ya alumini iliyoyeyushwa majini ikitiwa haidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo, huzaliwa ioni kubwa yenye atomi 13 za alumini na chaji chanya 7. Ioni hiyo hujipenyeza kati ya matabaka na kuifukuza sodiamu. Udongo huoshwa, hukaushwa, kisha huokwa kwa joto la nyuzi 300 hadi 500 za sentigredi. Ioni hugeuka oksidi ya alumini, yaani nguzo ngumu, na kuacha uwazi wa nanomita 0.8 hivi. Gramu moja tu yaweza kuwa na eneo la ndani la meta za mraba 250, karibu sawa na kiwanja cha tenisi! Tena uokaji huo huachia ioni za haidrojeni, na asidi hiyo ndiyo inayoufanya udongo uwe kichocheo.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, wenye viwanda walitamani kuvunja hata masazo mazito, ambayo molekuli zake hazipiti katika vitundu vyembamba vya zeolaiti. Udongo wa nguzo, uliotangazwa kuanzia 1977, ulileta matumaini makubwa mno. Lakini kichocheo hufunikwa na masizi, na masizi hayana budi kuchomwa. Katika joto lipitalo nyuzi 700 pamoja na mvuke, nguzo huanguka. Zeolaiti ikabaki kiwandani.

Nguzo zenye chuma zilipata kazi ya upole zaidi: kusaidia peroksidi ya haidrojeni kuharibu fenoli katika maji machafu. Katika maabara, watafiti hujaza dawa vitunduni ili itoke polepole mwilini. Asidi ya tumbo, hata hivyo, yaweza kumega alumini ya nguzo, hivyo alumini inayotoka nayo hupaswa kupimwa pamoja na dawa.