VIFAA VYA KUZAMIA: FEDHA ISITOKE KABLA YA KIFAA KUINGIA MAJINI

Mwekezaji mdogo anayefungua kituo cha kupeleka watalii kuzamia, iwe Nungwi, Mafia, Diani au Watamu, hutumia sehemu kubwa ya mtaji wake katika mambo matatu: boti, kompresa ya kujazia hewa na seti za vifaa vya kuzamia. Boti huikagua ikiwa majini. Injini huiwasha na kuisikiliza kabla ya kutoa fedha. Lakini seti za kuzamia, ambazo ndizo zinazobeba uhai wa mteja, ni rahisi kuziagiza kwa kuangalia picha na bei tu, zikalipiwa, zikatolewa forodhani, na kuingizwa majini kwa mara ya kwanza siku ambayo mgeni amekwisha kulipa.

Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba mbuzi huyu akiwa mgonjwa, anayeumia ni mteja aliye mita 20 chini ya bahari, na kituo kikipata jina baya ni vigumu kulisafisha.

KWA NINI DUKANI HAKUTOSHI

Seti kamili ina mtungi wa hewa, regulata, koti la kuelea, miwani, mapezi ya miguu, suti ya mpira na mkanda wa risasi. Kifaa nyeti kuliko vyote ni regulata. Kazi yake ni kupunguza msukumo mkubwa wa hewa iliyo mtungini na kumpa mzamiaji hewa yenye msukumo sawa na wa maji yanayomzunguka. Msingi wa regulata za leo uliwekwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan.

Juu ya nchi kavu karibu kila regulata mpya huonekana nzuri. Mnunuzi huifunga kwenye mtungi uliojaa, huvuta pumzi mbili tatu, na kuridhika. Jaribio hilo halisemi mengi. Msukumo huongezeka kwa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kina. Mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia lita 40 akiwa mita 10, lita 60 akiwa mita 20, na lita 80 akiwa mita 30. Regulata inayotoa hewa bila shida dukani inaweza kuwa nzito inapodaiwa mara tatu ya kiasi hicho.

Jambo la pili ni hewa inapopungua. Regulata za bei ya chini za muundo wa zamani hubadilika uzito wa kuvuta kadiri msukumo wa mtungi unavyoshuka. Kwa sababu hiyo jaribio la mtungi uliojaa ni nusu ya jaribio. Nusu ya pili ni pale geji inapokaribia bar 50, kiwango ambacho vituo vingi huwataka wageni wawe wanarudi juu.

HATUA TATU ZA MAJARIBIO

Majaribio yafanywe na mzamiaji mwenye cheti, akiwa na mwenzake aliyevaa vifaa vilivyozoeleka. Kifaa kipya kisijaribiwe na mtu aliye peke yake.

Hatua ya kwanza ni nchi kavu. Kabla ya kufungua hewa, mjaribu avute pumzi kupitia kipande cha mdomoni. Hewa ikipita, kuna tundu au vali isiyofunga, na maji nayo yatapita hapo hapo. Kisha mtungi ufunguliwe, geji isomwe, vali ifungwe, na geji itazamwe tena baada ya dakika 10. Mshale ukishuka, kuna mahali hewa inatoroka. Regulata ikizamishwa katika ndoo ya maji, mapovu yataonyesha mahali penyewe. Koti la kuelea lijazwe hewa mpaka likaze, liachwe nusu saa, kisha likaguliwe kama limelegea. Miwani iwekwe usoni bila mkanda na mjaribu avute hewa kidogo kwa pua: ikishika yenyewe, imelingana na uso huo. Kituo kinachopokea wageni wa nyuso mbalimbali kisinunue aina moja tu ya miwani.

Hatua ya pili ni maji mafupi, bwawani au pwani penye utulivu. Hapa hutazamwa kama vitufe vya koti hufikiwa kwa urahisi, kama mkanda wa mtungi hautelezi ukilowa, na kama vali za kutolea hewa hufunga baada ya kutumika. Kitufe cha kujazia hewa kinachokwama huweza kumrusha mzamiaji juu bila kutaka.

Hatua ya tatu ni kina ambacho wageni watapelekwa. Suti ya mpira ina vipovu vya gesi ambavyo hubanwa na maji. Mita 20 chini gesi hiyo hubaki theluthi ya ujazo wake, hivyo suti hupungua unene, haielei kama mwanzo na joto hupungua. Mtungi nao hubadilika. Mtungi wa alumini wa kawaida wa lita 11, ambao huzama kidogo ukiwa umejaa, huanza kuelea kwa karibu kilo 2 ukiwa mtupu. Kiasi cha risasi kipimwe mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50. Anayepima mwanzoni huweza kujikuta akishindwa kubaki chini wakati wa kusimama mita 5 kabla ya kutoka.

VITU VINAVYOPASWA KUOANA

Hasara nyingine hutokana na vifaa vizima ambavyo havioani. Regulata hufungwa kwenye mtungi kwa njia mbili: kwa klampu inayobana vali kwa nje, au kwa kiungo cha DIN kinachoingia kwa kuzungushwa kama skrubu. Anayeagiza regulata 10 za DIN ilhali mitungi yake ni ya klampu atalazimika kununua viunganishi au kubadili vali. Hata ndani ya DIN kuna ya bar 200 na ya bar 300, na kiungo kifupi cha bar 200 hakifungi sawasawa kwenye vali ya bar 300. Kosa hili hugunduliwa katika dakika moja mnunuzi akifika kwa muuzaji na mtungi wake mwenyewe.

MITUMBA INA MHURI

Wapo wanaoanza na vifaa vilivyotumika, na hilo si kosa. Kila mtungi una mihuri iliyogongwa shingoni, ikionyesha msukumo unaoruhusiwa na tarehe ulipopimwa kwa msukumo wa maji. Nchini Marekani kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5. Mtungi wenye tarehe ya zamani uhesabiwe pamoja na gharama ya kuupima, na bei ipatane kwa sharti kwamba ukishindwa kipimo fedha zinarudi.

Mitungi ya alumini ya zamani ina tahadhari yake. Iliyotengenezwa kwa aloi ya 6351, ambayo Marekani ilitumika hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, imejulikana kupata nyufa shingoni baada ya kukaa na msukumo kwa miaka mingi, na baadhi yake imepasuka. Mtungi wa umri huo, hata ukiwa umepakwa rangi mpya, si bidhaa ya kuanzia biashara.

HESABU YA MWEKEZAJI

Chukua mfano wa mtu anayetaka seti 6, kila moja dola 1,000 ikiwa imefika bandarini. Jumla ni dola 6,000. Akiagiza seti 1 kwanza, akailipia usafiri wa peke yake dola 120 na kutumia dola 80 kwa boti na hewa ya majaribio, ametumia dola 200 zaidi. Hiyo ni chini ya dola 34 kwa kila seti. Ikiwa majaribio yataonyesha kwamba koti haliwafai wageni wakubwa, au regulata ni nzito mtungi ukipungua, atakuwa ameokoa dola 5,000 zisikae stoo. Majaribio yakiwa mazuri, dola 200 hizo ni kama bima.

Wazalishaji na wasambazaji wa nje huandaa siku ambazo wazamiaji hujaribu vifaa vipya bwawani au baharini bila kulazimika kununua. Mnunuzi wa seti kadhaa ana haki ya kuomba nafasi kama hiyo, na muuzaji anayekataa kata kata kifaa chake kiguswe na maji amekwisha kumpa mnunuzi taarifa muhimu.

MASHARTI YA KUANDIKA

Kabla ya kutoa arubuni, makubaliano yaandikwe katika karatasi: siku za majaribio ni ngapi, nani analipia usafiri kifaa kikirudishwa, na kifaa kilichokwisha kulowa maji ya chumvi, kikasuuzwa kwa maji baridi, kinapokelewa au la. Namba ya kila regulata iandikwe kwenye ankara, ili kilichojaribiwa kiwe ndicho kinachonunuliwa.

Sharti la mwisho ni vipuri. Regulata huhitaji kufunguliwa na kubadilishwa pete za mpira kila mwaka kwa kawaida, au kila miaka miwili kwa baadhi ya aina, na maji ya chumvi hayasamehe anayechelewa. Mnunuzi aulize fundi aliyefunzwa aina hiyo yuko wapi na paketi ya vipuri inauzwa kiasi gani. Kama fundi wa karibu yuko ng'ambo, gharama ya kupeleka na kurudisha iongezwe kwenye bei ya ununuzi. Regulata iliyoonekana rahisi inaweza kupitwa na ile ya bei ya juu ambayo fundi wake yuko Mombasa, Dar es Salaam au Unguja.