Taa ya Upepo wa Matairi: Kabla Hujanunua Kihisi Kipya

Taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao inapowaka kwenye dashibodi, baadhi ya wamiliki wa magari huipuuza. Wengine hulipia vihisi vinne vipya visivyohitajika. Tunamshauri mtumiaji aanze kwa kutambua taa inasema nini.

Taa ikiwaka bila kumweka, kwa kawaida kuna tairi lililopungukiwa upepo. Dereva anayetoka Chato kwenda Geita kupitia Bwanga na Katoro asimame mahali salama na akague matairi yote. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata joto na huweza kupasuka likiwa kwenye mwendo. Taa ikimweka kwa takriban dakika moja kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu.

Hitilafu hiyo ina vyanzo vinavyojulikana. Betri ya kihisi hudumu kati ya miaka 5 na 10, nayo kwa kawaida haibadilishwi peke yake. Kwa hiyo gari lililotumika huweza kuingia nchini betri zikiwa zimekwisha. Kihisi hukaa ndani ya rimu, aghalabu kwenye vali, na huvunjika kwa urahisi tairi linapobanduliwa. Mjulishe fundi kabla hajaziba pancha. Aidha, vihisi hutumia masafa tofauti, hasa megahezi 315 au 433; kisichooana na gari hakitasomwa.

Yapo pia magari yasiyo na vihisi ndani ya matairi, ambayo hukadiria upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu. Hayo huhitaji tu kuwekwa upya baada ya kujaza upepo kwa usahihi. Anayeuziwa kihisi cha gari la namna hiyo amepoteza fedha.

Pima upepo matairi yakiwa yamepoa, ukifuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kilopaskali 220 ni sawa na takriban 32 za geji ya psi.

Kabla ya kulipa, mtake fundi apime kila kihisi kwa kifaa na akuonyeshe kilichoharibika. Dai risiti ya EFD pamoja na kihisi cha zamani. Bila hivyo, malalamiko yako yatakosa ushahidi. Hata taa ikiwa nzima, pima upepo kwa geji kila mwezi na kabla ya safari ndefu.