Mtihani wa mmoja, jasho la nyumba nzima

Je, msomaji, umewahi kuwa na mtoto aliyehitimu chuo kikuu, akapigwa picha na joho lake, mbuzi akachinjwa na majirani wakaitwa, kisha miezi michache baadaye ukamkuta usiku wa manane amejifunika blanketi akisomea mtihani mwingine?

Kama hayajakufika, bahati yako. Dada yangu anayelima viazi kule Molo yamemfika, na mimi nimeyashuhudia kwa macho yangu. Bintiye, ambaye ni mpwa wangu, alimaliza shahada ya sayansi ya aktuari mwaka 2020. Sote tulidhani masomo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza mkoko ulikuwa ukialika maua!

"Mjomba," aliniambia siku moja tulipokutana mjini Nakuru, "shahada ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko mbele."

Hapo ndipo nilipotaka kujua: aktuari ni mtu gani, na ni mtihani wa aina gani huu unaomkosesha msichana wa watu usingizi? Niliyoyapata nakuletea leo, maana huenda nawe una mwana au jirani aliyeshika njia hiyo.

Mpimaji wa bahati mbaya

Aktuari ni mtaalamu wa kupima kwa hesabu mambo ambayo bado hayajatokea. Watu wangapi watafariki kabla ya kutimiza miaka 60? Magari mangapi yatagongana? Hazina ya pensheni iwe na kiasi gani leo ili mwalimu anayestaafu baada ya miaka 20 asikose chake?

Si uganga, wala si kubahatisha. Mwaka 1693, mwanasayansi Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye jina lake lilipewa nyota yenye mkia, alichapisha hesabu ya vifo vya mji wa Breslau. Alionyesha kuwa japo hakuna ajuaye siku ya kufa kwake, idadi ya watakaokufa katika kundi kubwa la watu inaweza kukadiriwa.

Miaka 50 baadaye wachungaji wawili wa Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, waliitumia elimu ya namna hiyo kuanzisha mfuko wa kuwatunza wajane na mayatima wa wachungaji wenzao. Kwa hivyo kazi hii, ambayo wengi huiona ni ya matajiri wa bima, ilikuzwa na machozi ya wajane.

Hapa Kenya, Sheria ya Bima, Sura ya 487, huzitaka kampuni za bima ya maisha zifanyiwe hesabu na aktuari. Mifuko ya pensheni inayomwahidi mfanyakazi malipo fulani pia haiwezi kwenda bila yeye.

Na usidhani ni mambo ya Nairobi tu. Serikali ilipoanzisha mpango wa bima ya mazao mwaka 2016, Nakuru ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza, pamoja na Bungoma na Embu. Nani aliyepaswa kukadiria mkulima wa mahindi alipe kiasi gani? Ni hesabu za aktuari hizo.

Tufanye mfano pamoja. Chukua wakulima 100. Tuseme mwaka mmoja kati ya kumi mkulima hupoteza mazao ya shilingi 40,000. Ukigawa hasara hiyo kwa miaka kumi, kila mmoja anapaswa kuchanga shilingi 4,000 kwa mwaka, mbali na gharama za ofisi. Kwa mwaka chungu hupata shilingi 400,000. Wakipata hasara wakulima kumi, chungu hulipa na mambo huisha.

Rahisi, sivyo? Sasa ngoja. Ukame haumchagui mmoja ukamwacha mwingine. Ukija, huja kwa wote mia moja, na siku hiyo zinatakiwa shilingi milioni nne. Kama mpango ulianza miaka miwili iliyopita, chunguni mna shilingi 800,000 pekee. Wakulima watalipwa na nini?

Hapo ndipo yule wa hesabu za kawaida hukwama na aktuari huanza kazi: akiba iwe kiasi gani, na sehemu gani ya hatari iuziwe kampuni kubwa zaidi zinazozikatia bima kampuni za bima. Akikosea, mtu wa Njoro au Rongai atalipia bima miaka mingi, halafu siku ya shida aambiwe hakuna kitu. Ndiyo maana mtihani wake si wa mzaha.

Ngazi ya mikato kumi na mitatu

Wanafunzi wengi wa Kenya hufanya mitihani ya chama cha maaktuari cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 2010 kwa kuunganishwa taasisi ya London ya mwaka 1848 na ile ya Scotland ya mwaka 1856. Mtaala ulioanza mwaka 2019 uliweka masomo 13 kwa anayetaka kufika kilele. Kuna takwimu, hesabu za riba na za uhai wa watu, uchumi, fedha za makampuni, hata somo la kumweleza asiyejua hesabu jambo gumu kwa lugha nyepesi. Mwishoni mtu huchagua tawi lake: pensheni, afya, bima ya maisha, bima ya mali au uwekezaji.

Mitihani huwa Aprili na Septemba. Chama chenyewe husema wengi huchukua miaka mitatu hadi sita kufuzu, na juu ya mitihani lazima mtu awe na uzoefu wa kazi.

Wenye kuijua mitihani ya CPA ya Kasneb, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, wanauelewa uchungu huu. Nakuru imejaa makarani na walimu wanaotoka kazini jioni na kwenda darasani. Tofauti moja kubwa ni kwamba CPA hulipiwa kwa shilingi, lakini mitihani ya aktuari hulipiwa kwa pauni.

Na pauni haijui bei ya viazi! Mwanzoni mwa 2024 pauni moja ilizidi shilingi 200. Mkulima wa Molo ambaye gunia lake halijaongezwa hata shilingi moja na wachuuzi alijikuta akitoa magunia mengi zaidi kwa karatasi ile ile.

Kuanguka mara mbili

Mpwa wangu alianza vizuri. Kufikia mwisho wa 2022 alikuwa amepita masomo matano. La sita, somo la pili la takwimu, likamkalia kooni.

Aprili 2023 alianguka. Alikuwa akifanya kazi katika sacco mchana na kufundisha tuisheni jioni, akafungua vitabu saa nne za usiku akiwa hoi. Septemba akarudi nyumbani Molo apate utulivu. Tangu korona ya 2020 mitihani hiyo ilikuwa imehamia kwenye kompyuta na watahiniwa wakiifanyia walikokuwa. Siku ya sehemu ya kompyuta, mvua ikanyesha na stima ikapotea. Betri ikaishia njiani. Akaanguka tena.

Labda utasema, "Lakini si miaka hiyo waliruhusiwa kufungua vitabu?" Ni kweli, waliruhusiwa. Lakini swali halimuulizi mtu kitabu kimesema nini. Humpa hadithi ya kampuni au kijiji, likamtaka aamue. Anayeanza kutafuta ukurasa wakati saa inakwenda amekwisha kushindwa.

Nilikuwapo Jumapili alipoleta habari za kuanguka mara ya pili. Shemeji yangu alinyamaza kimya. Mdogo wake msichana huyo alikuwa akingoja kuingia kidato cha kwanza Januari, na karo yake ndiyo iliyokuwa ikizungumziwa. Jirani mmoja aliyekuja kuomba jembe akauliza, "Kwani huyu si alimaliza chuo? Mbona bado anafanya mtihani?"

Msichana akainuka akaenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta ameinamia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

"Mjomba," akasema, "nikiacha sasa, zile pesa zote za mama zimekwenda bure. Nikiendelea, ni zile za mtoto ninazokula. Wewe ungefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Kumbe mama yake alikuwa mlangoni. Akasema, "Wewe ndiye unayejua hesabu. Basi tufanyie na hii."

Usiku ule wakaketi mezani, mama, baba na binti, na daftari. Wakaandika ada ya mtihani, karo ya mtoto, mshahara wa sacco na mavuno ya Desemba. Wakakubaliana hivi: karo kwanza, ada ya mtihani ataitafuta binti mwenyewe, na upungufu atasaidiwa, atafanya somo moja tu, na akianguka mara ya tatu atapumzika mwaka mzima bila mtu kumsema. Kwa maoni yangu, mtihani ulianza kupitwa usiku ule.

Alivyobadilisha mwendo

Alichofanya baadaye kinaweza kumfaa yeyote, awe wa aktuari, CPA au sheria.

Kwanza, aliacha kusoma usiku. Alilala saa tatu, akaamka saa kumi alfajiri, akasoma saa mbili kabla ya kazi. Saa mbili kwa siku kwa miezi minne ni saa 240. Hakuna mkesha wa wiki moja utakaozifikia.

Pili, aliacha kusoma maelezo tu akidhani ameelewa. Alichukua karatasi za miaka iliyopita, akazifanya kwa saa ya ukutani. Chama hicho hutoa pia taarifa za watahini zinazoeleza watu walikosea wapi. Akagundua hakuwa akianguka kwa kutojua hesabu: alikuwa akimaliza hesabu na kuacha kueleza jibu lina maana gani. Alama hizo alikuwa akiziacha mezani mwaka mzima!

Tatu, alitafuta wenzake. Wakawa watatu, wakikutana Jumamosi maktaba mjini Nakuru, kila mmoja akiwafundisha wenzake mada moja. Usiloweza kumfundisha mwenzako, hujalijua.

Nne, aliijibu hatari ya stima kama aktuari. Hakurudi Molo siku ya mtihani. Alikaa kwa rafiki mtaa wa Milimani kwenye jenereta, na bando la intaneti katika simu mbili za kampuni tofauti.

Tano, aliuliza mambo ya pesa. Chama hicho huwapunguzia ada wanachama wenye kipato kidogo, mradi waombe. Alikuwa amelipa ada kamili miaka miwili kwa sababu ya kutouliza. Vivyo hivyo, wahitimu wa vyuo fulani husamehewa baadhi ya masomo ya mwanzo wakipata alama zinazotakiwa. Mzazi, uliza hayo kabla ya kulipa karo ya chuo, si baada ya mahafali.

Kwako wewe mzazi

Msomaji, si kila anayeanza ngazi hii atafika juu, na si aibu. Chuo kikuu cha Egerton pale Njoro, pamoja na vyuo vya Nairobi na Juja, hutoa wahitimu wa fani hii kila mwaka, na wengi wao huajiriwa katika mabenki, bima, sacco na ofisi za takwimu wakiwa na masomo machache ya aktuari mkononi. Aliyepita matano si mtu aliyeshindwa manane. Ana matano.

Lakini anayeendelea anahitaji vitu viwili ambavyo pesa hainunui. Kwanza, asiulizwe kila Jumapili, "Umemaliza lini?" Pili, aambiwe ukweli kuhusu hali ya nyumba, ili asisome huku akidhani anaiba. Kijana anayejua mpaka uko wapi husoma kwa amani kuliko anayeambiwa "usijali" na watu ambao uso wao unajali.

Mpwa wangu alifanya karatasi yake ya tatu Aprili 2024. Matokeo yakatoka Julai, siku dada yangu alipokuwa shambani akiwasimamia wavunaji. Simu ikalia. Akaisikiliza, akaketi juu ya gunia, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

"Amepita," akaniambia. Kisha akairudisha simu sikioni. "Kwa hivyo sasa umemaliza, mama?"

Nilimsikia msichana akicheka upande wa pili.

"Bado saba."

Dada yangu akayatazama magunia yaliyopangwa kando ya barabara, akayahesabu kwa kidole, akacheka naye.