Ulimi wa Barbara Jordan na ramani ya Texas

Kila wanafunzi wanaponiuliza kama ufasaha pekee watosha kumfikisha mtu bungeni, mimi huwasimulia habari za Barbara Jordan, wakili wa Texas.

Alizaliwa mjini Houston mwaka 1936, binti wa mhubiri. Katika Chuo Kikuu cha Texas Southern aling'ara katika midahalo, na mwaka 1959 akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Boston. Aliporudi nyumbani, meza ya chakula ya wazazi wake ndiyo iliyokuwa ofisi yake.

Mwaka 1962 aligombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akajaribu tena, akaanguka tena. Je, ulimi ulikuwa umeingia butu? La, hasha! Wakati ule wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, hivyo kura za Waamerika weusi zilimezwa na za Wazungu waliokuwa wengi. Mwaka uo huo wa 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uwakilishi majimboni sharti yakaribiane kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya, na mwaka 1966 Jordan akashinda kiti cha Seneti ya jimbo. Tangu mwaka 1883 hapakuwa na mtu mweusi aliyeketi humo.

Hakuingia kwa makelele. Alizisoma kanuni, akazoeana na maseneta wahafidhina, akasaidia kupitisha sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara. Wapo waliomlaumu kwa kuwa karibu mno na wenye nguvu. Mimi simlaumu, kibarua hali hotuba. Mwaka 1972 maseneta walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni akawa gavana kwa siku moja.

Ulimwengu ulimsikia baadaye, Julai 1974, akiwa katika Bunge la Marekani, alipoitetea katiba wakati wa kashfa ya Rais Nixon. Mwaka 1979 alitoka huko akaenda Austin kufundisha chuoni, kazi aliyoifanya hadi alipofariki Januari 1996.

“Basi mwalimu, ni ulimi au ni mahakama?” mwanafunzi mmoja aliniuliza majuzi. Nilimwagiza aniletee ramani ya eneo-bunge lake.