Gari jipya likiwa na kasoro: jua haki yako kabla ya siku 15 kupita

Shemeji yangu alinunua gari jipya kwa wakala mmoja hapa Maskat. Siku ya nne aliwachukua watoto na mama mkwe kwenda Al Amerat. Walipofika kwenye mlima wa kutoka Bausher, gia zikawa haziingii. Gari likatikisika, likapoteza nguvu, na malori yako nyuma yao. Alhamdulillah, walifika salama.

Alirudi kwa wakala. Akaambiwa: "Gari jipya huwa hivyo, litazoea." Akaenda zake. Wiki ya pili tatizo likarudi, akaenda tena, jibu likawa lile lile. Aliporudi mara ya tatu, siku 15 zilikuwa zishapita, na mkononi hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alikuja kabla.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wetu tunafanya kosa kama lake. Gari linagharimu akiba ya miaka au deni la benki la miaka, na haki tunaipoteza kwa kukosa karatasi tu.

Sheria inasemaje Oman

Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ilitolewa kwa Amri ya Kifalme namba 66 ya mwaka 2014, na kanuni zake za utekelezaji zikafuata mwaka 2017. Msingi wake ni huu: bidhaa ikiwa na kasoro, au ikiwa haiko kama mlivyokubaliana, mnunuzi ana siku 15 tangu aipokee za kuibadilisha au kuirudisha na kurejeshewa pesa zake, bila ya gharama ya ziada. Masharti ni mawili: uwe na uthibitisho wa kununua, na kasoro isiwe imetokana na matumizi yako mabaya.

Hesabu inaanza siku unayokabidhiwa gari, si siku uliyolipa arubuni. Yale maandishi ya "kikiuzwa hakirudi" hayaifuti haki hii kwa bidhaa yenye kasoro.

Siku 15 zikipita, si kwamba mlango umefungwa. Bado unayo dhamana ya wakala, ambayo ni ahadi anayolazimika kuitimiza. Tofauti ni kwamba sasa mazungumzo yataanza na matengenezo, si kurudishiwa pesa. Ndiyo maana kuripoti mapema kuna faida kubwa.

Liko na jambo la tatu. Kasoro ikigundulika kwa magari mengi ya aina moja, muuzaji anatakiwa atangaze na ayaite yarudi kurekebishwa bure. Mamlaka ya Kumlinda Mtumiaji hutangaza miito hiyo. Weka namba ya chasi ya gari lako, ambayo imo kwenye mulkiya, ili ujue kama nawe umo.

Fanya hivi

Kabla ya kusaini kwamba umelipokea gari zima, liendeshe. Jaribu kiyoyozi, breki, gia, taa na madirisha yote. Mikwaruzo na rangi iangalie mchana, si usiku.

Tatizo likitokea, piga video inayoonyesha taa za onyo na kilomita. Halafu mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, kwa baruapepe au WhatsApp. Simu haiachi ushahidi.

Ukipeleka gari, usiondoke bila ya karatasi ya kazi yenye tarehe, kilomita na malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe. Fundi akiandika "ukaguzi wa kawaida" tu, mwombe asahihishe. Akikwambia "hakuna tatizo," mwambie aliandike na hilo.

Usilipeleke kwenye gereji ya mtaani, hata kama fundi ni jamaa yako. Wakala atapata sababu ya kusema kasoro imeletwa na mwengine.

Wakala akigoma, peleka malalamiko kwa Mamlaka. Ina ofisi mikoani, na hulazimiki kuwa na wakili. Chukua risiti, mkataba, dhamana, mulkiya, kitambulisho na kumbukumbu zako zote. Mamlaka humwita muuzaji na kujaribu suluhu kwanza. Suluhu ikishindikana, jambo linaweza kufika kwa Mwendesha Mashtaka na mahakamani.

Na kama gari ni la mkopo, usiache kulipa kwa hasira. Mkataba wako na benki ni jambo jengine, na kuchelewesha malipo kutakuongezea kesi ya pili. Iarifu benki kwa maandishi, uendelee kulipa.

Waliokuwa nje ya Oman

Kila nchi ya Ghuba ina sheria yake: Imarati ni Sheria ya Shirikisho namba 15 ya 2020, Qatar namba 8 ya 2008, na Kuwait namba 39 ya 2014. Muda na taratibu hazifanani, kwa hivyo usichukue siku 15 za Oman ukazitumia Dubai. Malalamiko hupelekwa pale ulipolinunua gari. Wanaovuka mpaka kufuata bei nafuu wapige hesabu hiyo kabla.

Tusione haya

Wengi wetu tunaona kushitaki ni ugomvi. Lakini mafakihi tangu zamani wana mlango wanaouita khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyofichikana, ana haki ya kuirudisha bidhaa. Neno letu "aibu" limetoka kwenye neno hilo hilo la Kiarabu lenye maana ya kasoro. Basi aibu ni ya bidhaa, si yako wewe unayedai.

Na shemeji? Dada yangu ndiye aliyemwokoa. Siku ya tisa alikuwa amempelekea muuzaji video ya gari likitikisika, na ujumbe ulikuwa bado umo kwenye simu yake. Baada ya malalamiko, wakala alibadilisha giaboksi nzima bure na kuongeza muda wa dhamana. Pesa zake hakurudishiwa, na mpaka leo anasema angelipata karatasi siku ile ya kwanza, mambo yangekuwa mengine.

Mwenye kununua gari mwezi huu, mpelekee makala haya kabla hajakabidhiwa funguo.