Uzuri wa Mkakasi: Usalama wa Mboga na Matunda baada ya Mavuno

Usiku wa manane, malori yaliyosheheni kabichi, karoti, hoho na nyanya huteremka kutoka milima ya Usambara, yakapita Mombo na kushika njia ya Dar es Salaam. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 300 huanzia katika ubaridi wa Lushoto na kuishia katika joto la pwani. Kunapopambazuka, mzigo umekwisha kushushwa sokoni na kugawanywa kwa wachuuzi, na sehemu yake imefika kwenye magenge ya mitaani. Hapo muuzaji huupanga juu ya meza, kando ya mafungu ya mchicha na matembele yaliyochumwa mabondeni mwa jiji, kisha huchovya mkono ndani ya ndoo na kuyanyunyizia majani maji. Yale yaliyoanza kusinyaa huinuka. Mnunuzi apitaye huyaona yanameremeta, akaamini kwamba amepata mboga safi.

Huenda ni kweli, na huenda sivyo. Jani lenyewe haliwezi kumjibu, kwa sababu jawabu limo ndani ya ndoo. Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nao usemi huo unafaa sana kwa mazao mabichi. Ubora ni jambo linaloonekana: rangi, ugumu, harufu na utamu. Usalama hauonekani. Mboga inaweza kuwa imenyauka na isimdhuru mtu yeyote, na nyingine ikang'aa kama iliyochumwa sasa hivi ilhali imebeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo au mayai ya minyoo. Anayetaka kuyahifadhi mazao vyema baada ya kuyavuna hana budi kuyashughulikia mambo yote mawili, wala asidhani kwamba akipata moja amepata na la pili.

Kiumbe kinachopumua

Tunda au mboga haifi siku inapochumwa. Nyanya iliyomo kikapuni bado inapumua: huvuta oksijeni, huitumia sukari iliyojiwekea ilipokuwa shambani, na kutoa hewa ya kaboni, maji na joto. Tofauti ni kwamba imekwisha kutengana na mmea wake. Hakuna tena maji wala chakula kinachopanda kutoka ardhini, na kinachotumika hakirudi. Maisha ya zao baada ya mavuno ni maisha ya kula akiba, nayo akiba hiyo huisha upesi au polepole kulingana na joto.

Kwa mazao mengi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara 2 hadi 3. Kwa hiyo, saa chache katika jua kali huweza kupunguza sana muda ambao mchicha ungedumu. Maji nayo hutoka bila kukoma. Mazao mengi huanza kunyauka na kukosa wanunuzi yakisha kupoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake. Pamoja na maji hupotea virutubisho, hasa vitamini C, ambayo hupungua haraka katika mboga za majani zinapowekwa mahali penye joto. Mlaji wa mboga iliyochoka hulipa bei ya chakula kizima na kupata sehemu tu ya faida yake.

Ndiyo maana saa ya kuvuna ina uzito mkubwa. Anayevuna alfajiri, kabla shamba halijapata joto, huanza safari akiwa na zao lililopoa. Anayevuna adhuhuri na kuliacha juani likisubiri gari amekwisha kutumia sehemu ya uhai wake kabla halijatoka kijijini. Kivuli cha mti, banda la makuti au hata majani ya migomba yaliyotandazwa juu ya matenga havina gharama kubwa, lakini huokoa mengi.

Jeraha ni mlango

Ngozi ya tunda ni ukuta wake. Ukuta huo ukiwa mzima, kuvu na bakteria hupata taabu kuingia. Ukichubuka, hupata mlango na chakula kwa pamoja. Tenga la nyanya likijazwa kupita kiasi, nyanya za chini hubeba uzito wa zote. Zikipasuka, maji yake hulowesha jirani zake, nao uozo huenea tenga zima. Gunia la lumbesa, lile linaloshindiliwa mpaka kupita mdomo wake na kuongezewa kichwa cha kamba, kwa kawaida huzungumzwa kama dhuluma ya vipimo inayomnyonya mkulima. Dhuluma hiyo ipo, lakini lumbesa huharibu pia chakula chenyewe: huminya, huzuia hewa, na kulifungia joto katikati ya mzigo. Abiria anapopanda juu ya shehena, hasara huzidi, na viatu vyake huleta uchafu mahali ambapo haukuwapo.

Kreti za plastiki zenye matundu huupunguza uharibifu huo kwa sababu uzito wa mzigo wa juu hubebwa na kuta za kreti, si na matunda. Tena kreti huoshwa, ilhali tenga la matete lililolowa maji ya matunda yaliyooza ni vigumu kulisafisha. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno kabla ya kumfikia muuzaji wa rejareja. Mboga na matunda ni miongoni mwa vinavyopotea zaidi. Shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kila tenga linalotupwa jalalani huifanya gramu hizo ziwe ghali zaidi kwa familia yenye kipato kidogo.

Maji, rafiki na adui

Katika safari yote ya zao, hakuna kitu kinachohitaji uangalifu kuliko maji. Hulipoza, hulisafisha na kuzuia kunyauka. Lakini maji hayo hayo, yakiwa machafu, ndiyo njia rahisi ya vimelea kutoka kinyesini hadi mezani. Wauzaji wengi hutumia beseni moja kuoshea mafungu mengi. Uchafu wa fungu la kwanza hubaki majini, na kila fungu linalofuata hupewa sehemu yake. Klorini inapotumiwa kwa kipimo sahihi katika maji ya kuoshea, kazi yake kuu ni kuzuia maji yasigeuke kuwa msambazaji wa vimelea. Haina uwezo wa kulitakasa kabisa tunda lililokwisha kuchafuka, na nguvu yake hupungua kadiri maji yanavyojaa udongo. Kwa hiyo maji hayana budi kubadilishwa mara kwa mara.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Nyanya zilizotoka juani zikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia kovu la kikonyo. Maji hayo yakiwa na bakteria, nao huingia ndani, mahali ambapo hakuna uoshaji wowote wa baadaye utakaowafikia. Ni heri kuziacha zipoe kivulini kwanza, na kuziosha kwa maji yasiyo baridi kuliko zenyewe.

Tatizo la maji huweza kuanza hata kabla ya mavuno. Katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako bustani zimekuwa zikimwagiliwa kwa maji ya mto unaopokea majitaka na taka za viwandani, watafiti wamegundua metali nzito katika mboga. Vimelea hufa vikipikwa sawasawa, lakini metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondolewi na maji wala moto. Hapo uhifadhi mzuri baada ya mavuno hauwezi kurekebisha kilichoharibika bustanini.

Funzo la matikiti ya Colorado

Pengine mtu atadhani kwamba hatari hizi ni za nchi zisizo na majokofu ya kutosha. Yaliyotokea Marekani mwaka 2011 yanakanusha dhana hiyo. Matikiti ya aina ya kantalupu yaliyotoka katika shamba moja la jimbo la Colorado yalisababisha mlipuko wa ugonjwa wa listeriosisi. Watu 147 katika majimbo 28 waliugua, 33 kati yao wakafariki, na mjamzito mmoja aliharibikiwa na mimba.

Matikiti hayo hayakuwa yameoza. Wachunguzi walipofika kwenye jengo la kufungashia walikuta maji yaliyotuama sakafuni na mitambo iliyokuwa vigumu kuisafisha, ambayo awali ilitumika kwa zao jingine. Tena matikiti hayakuwa yakipozwa kwanza kabla ya kuingizwa katika chumba cha baridi, jambo ambalo huweza kufanya unyevu utande juu ya maganda yake. Bakteria aitwaye Listeria monocytogenes ana tabia isiyo ya kawaida: huendelea kuzaliana, ingawa polepole, hata katika baridi ya jokofu. Kwa hiyo baridi iliyoyahifadhi matikiti yasioze haikuweza kuwalinda walaji. Ugonjwa huo huwaelemea zaidi wajawazito, wazee, watoto wachanga na wale ambao kinga yao imepungua. Jokofu hupunguza kasi ya vimelea vingi, lakini halichukui nafasi ya sakafu kavu, chombo safi na mikono iliyonawiwa.

Kupoza bila umeme

Hayo hayaifanyi baridi isiwe na thamani. Kwa wasio na umeme, zipo njia za kupoza kwa mvuke. Katika miaka ya 1990, mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nijeria alieneza matumizi ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, vikiwa vimetenganishwa na mchanga uliolowa. Maji yanapokauka kutoka mchangani huchukua joto na kukipoza chungu cha ndani. Kwa kanuni hiyo hiyo hujengwa vibanda ambavyo kuta zake zimejazwa mkaa unaoloweshwa maji. Njia hizi hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi. Katika unyevu wa pwani msimu wa masika, faida yake hupungua sana.

Wala si kila zao hupenda baridi kali. Mboga za majani, karoti na kabichi hustawi karibu na nyuzi 0, bila kuganda. Ndizi ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi huumia: ganda huwa jeusi na tunda haliivi sawasawa. Nyanya, embe, tango na bilinganya nazo huathirika kwa baridi ya jokofu zikikaa humo muda mrefu. Nyanya ambayo haijaiva ni afadhali ibaki nje ya jokofu, mahali pakavu penye kivuli.

Tamaa ya kuwahi soko nayo huleta madhara yake. Wapo waivishao ndizi na maembe kwa kabaidi ya kalsiamu, kemikali ambayo hutoa gesi ya kuchomelea vyuma. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni sumu. Ganda hugeuka manjano kabla tunda halijakomaa ndani. Hapa tena mkakasi umepambwa. Ndizi zilizokomaa, zikifunikwa pamoja na chache zilizokwisha kuiva, huiva zenyewe kwa gesi ya etilini itolewayo na matunda hayo.

Kutoka gengeni hadi mezani

Mlaji naye ana sehemu yake. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji salama yanayotiririka, hata kama ni ya kumiminwa kwa kata, muda mfupi kabla ya kutumiwa, na yaoshwe kabla ya kukatwa. Tikiti, papai na embe huoshwa pia ingawa maganda hayaliwi, kwa kuwa kisu hupitisha vimelea kutoka kwenye ganda hadi ndani. Sabuni ya kufulia isitumike. Ubao na kisu kilichokatia nyama mbichi visitengenezee kachumbari kabla ya kuoshwa. Matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa yasikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kuosha hupunguza vimelea lakini hakuviondoi vyote. Hivyo, kipindupindu kinapozuka, ni busara kula mboga zilizopikwa zikiwa bado moto na matunda ambayo mlaji mwenyewe ameyaosha na kuyamenya.

Lakini si haki kumtwisha muuzaji na mlaji mzigo wote. Mama wa genge huchota maji pale yanapopatikana. Soko lisilo na bomba la maji safi, choo chenye mahali pa kunawia mikono, wala mtaro usioziba, humwacha achague kati ya mboga iliyonyauka isiyonunuliwa na ndoo ambayo hana hakika nayo. Halmashauri inayojenga bomba sokoni inafanya kazi ya tiba sawa na ile inayonunua dawa za kuhara. Mpaka bomba hilo lifike, ndoo yenye mfuniko, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kata safi badala ya mkono uliotoka kupokea fedha, ni hatua ambazo genge lolote linaweza kuanza nazo leo. Mchicha utaendelea kung'aa kama kawaida, na safari hii mnunuzi hatakuwa amedanganyika.